Hati safi getini, glavu hakuna: hivi hati inapima nini?

Nimeletewa swali na binti mmoja, mwalimu wa shule ya msingi Kanda ya Ziwa, nalifupisha: "Shikamoo mzee. Halmashauri yetu imepata hati safi mwaka wa nne mfululizo, mkurugenzi kapongezwa, madiwani wamepiga makofi, bango limebandikwa getini. Wiki hiyo hiyo mdogo wangu kaenda kujifungua zahanati ya kijijini, akaambiwa mtu wake akimbie dukani akanunue glavu, uzi na dripu. Tumshukuru Mungu katoka salama na mtoto wake. Sasa naomba nielewe, hizi hati zinapima nini? CAG anadanganywa au sisi ndo tunadanganywa?"

Marahaba mwanangu. Mdogo wako mpe pole na hongera. Mimi nimekuwa mkaguzi wa ndani kwenye halmashauri tatu tofauti mpaka nikastaafu, na hizo sherehe za hati safi nimekula pilau lake, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu maana swali lako ndilo ambalo nilitamani wananchi waniulize nikiwa bado kazini na hakuna aliyeuliza.

CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hajadanganywa. Hati nayo haijasema uongo. Ila nyie mmesomewa hati kana kwamba inasema kitu ambacho yenyewe haijasema hata kidogo.

Hati ni maoni ya mkaguzi kuhusu vitabu vya hesabu, basi. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, halmashauri inaandaa hesabu zake za mwisho na kuzikabidhi kabla Septemba haijaisha, vijana wa CAG wanakuja wanakaa na mafaili wiki kadhaa, wanaandika hoja, yaani kasoro walizokuta zinazotaka majibu, halmashauri inajibu hoja, halafu mwisho wa Machi CAG anamkabidhi Rais ripoti na Aprili inaingia bungeni. Muda wote huo swali ni moja, je hizi hesabu zinaonesha kwa haki hali ya fedha ya halmashauri kwa kufuata vile viwango vya kimataifa vya uhasibu wa serikali, IPSAS? Kama ndiyo, hati inaridhisha, ndo tunaita safi. Kama ndiyo lakini kuna eneo moja mawili hayajakaa sawa, hati yenye shaka. Kama makosa ni makubwa na yamesambaa kiasi kwamba hesabu nzima haiaminiki, hati isiyoridhisha, ambayo mtaani ni chafu. Kuna na ya nne wengi hawaijui, mkaguzi anakosa hata nyaraka za kumwezesha kuamua, anasema nimeshindwa kutoa maoni. Sisi wa kazi hiyo tulikuwa tunaiogopa kuliko hata chafu, maana mwenye hati chafu angalau ana mafaili.

Sasa soma tena hayo maneno uniambie glavu iko wapi hapo. Haipo. Hakuna aliyeuliza kama mama amejifungua salama, au kama mtoto wa darasa la tatu anajua kusoma.

Nikupe jambo nililoliona kwa macho yangu, halmashauri sitaitaja. Nilienda zahanati moja kuhakiki vifaa, kikiwemo kitanda cha kujifungulia kilichonunuliwa mwaka ule. Faili ninalo mkononi: maombi ya ununuzi yapo, kotesheni tatu zipo, hati ya kupokelea mali ipo imesainiwa na kamati ya mapokezi, hati ya malipo ipo, risiti ya mashine, ile ya EFD, ipo. Faili zuri kabisa, ukilishika unasikia raha. Nesi akafungua stoo, kitanda kipo, kipya, bado kimevaa nailoni yake, na ubavuni kimeandikwa namba ya mali ya halmashauri kwa rangi nyeupe, namba inalingana na rejista. Nikatiki. Nikamuuliza mbona kipo stoo. Akanishika mkono akanipeleka chumba cha kujifungulia, akanionesha mlango. Fundi alijenga mlango mwembamba, kitanda hakipiti, walijaribu kukipitisha kwa ubavu kikagoma, wakakirudisha stoo wakasubiri fedha za kubomoa ukuta. Miezi saba imepita. Akina mama wanajifungulia kwenye kitanda cha kawaida ambacho kimewekewa tofali mbili upande wa kichwani ili kiinuke.

Kwenye vitabu kitanda kile ni mali halali, kina thamani, kinapungua thamani kila mwaka kama inavyotakiwa, na kimeonekana kilipoandikwa kuwa kipo, "zahanati". Niliandika kwenye ripoti yangu ya ndani kwamba mlango upanuliwe na nikaufuatilia ule mlango mpaka nikaonekana msumbufu. Ila kwenye hati ya mwaka ule kitanda hakikugusa chochote, na kwa kanuni za kazi hakikupaswa kugusa. Halmashauri ikapata hati safi. Nesi yule sijui kama aliambiwa.

Halafu kuna jambo la uzito wa kosa, na hili viongozi hawalisemi jukwaani sijui kwa nini maana sio siri. Mkaguzi hatoi hati chafu kwa sababu kakuta kosa. Angefanya hivyo hakuna halmashauri ingepona. Anaweka kiwango kwamba kosa likifika hapa ndo linapotosha picha ya hesabu nzima, na mara nyingi kiwango hicho ni asilimia moja au mbili ya matumizi yote. Chukulia halmashauri inatumia bilioni 30 kwa mwaka, mishahara ya walimu na wauguzi ikiwa ndani yake. Asilimia moja ni milioni 300. Sasa zahanati yenu nzima kwa mwaka inahitaji shilingi ngapi za glavu, uzi, dripu na dawa ya kuzuia damu kutoka? Hata zahanati kumi zikikosa vyote hivyo mwaka mzima, bado ile fedha iko mbali na kuitikisa hati. Kinachokuumiza wewe ni kikubwa sana kwako na ni kidogo sana kwenye mizania, na hesabu haina namna ya kukipa uzito wa damu.

Ukitaka ushahidi kwamba hati na huduma havitembei pamoja, angalia namba za CAG mwenyewe. Mwaka wa fedha 2013/14, halmashauri 150 kati ya 163 zilipata hati safi. Mwaka uliofuata, 2014/15, zikawa 47 tu kati ya 164, na 113 zikapata yenye shaka. Mwaka uliofuata tena, 2015/16, safi 138 kati ya 171. Sasa jiulize, wewe huo mwaka wa katikati labda ulikuwa sekondari, kuna mtu yeyote aliamka akakuta zahanati zimeporomoka nchi nzima halafu mwaka unaofuata zimesimama tena? Hakuna. Madarasa yalikuwa yale yale, manesi wale wale, dawa zilikosekana kama zilivyokosekana jana yake. Kilichotikisika ni vitabu, halmashauri zilifika mahali zikatakiwa zioneshe thamani ya mali zao zote za kudumu kwa viwango vile vya IPSAS, majengo, ardhi, mpaka magari mabovu yaliyoota nyasi nyuma ya ofisi, na nyingi hazikuwa tayari. Wakajipanga, wakathamini, hati zikarudi. Miaka hii ya karibuni karibu halmashauri zote 184 za Bara zinapata hati safi. Kwa hiyo hata kama kipimo, saizi hakitofautishi tena. Darasa ambalo karibu kila mtoto ana A, wewe mwalimu unajua ile A haikusaidii kujua nani anahitaji kusaidiwa.

Mbona basi wanaishangilia hivyo? Kwa sababu hati inagusa vibarua vyao. Machi 2018 Rais Magufuli alipokuwa anapokea ripoti ya CAG Ikulu, aliagiza hapo hapo wakurugenzi wa halmashauri mbili zilizopata hati chafu wasimamishwe kazi. Nchi nzima iliona. Mimi nilikuwa ofisini, na nakuambia kuanzia kesho yake mweka hazina wetu hakulala, kila faili lililokosa kiambatisho lilitafutiwa kiambatisho. Na mimi sisemi ni vibaya, ilitakiwa. Ila ona nguvu ilikoelekea. Mkurugenzi anajua akipata hati chafu anaweza kuondoka, na hajawahi kusikia mwenzake kaondolewa siku hiyo hiyo kwa sababu mama kanunua glavu. Binadamu ana mikono miwili, ataishika ile inayomchoma.

Kabla ya hapo kulikuwa na kipimo kingine ambacho mimi nilikipenda zaidi pamoja na mapungufu yake. Kuanzia 2004/05 tulikuwa na ruzuku ya maendeleo ya serikali za mitaa iliyoambatana na tathmini ya kila mwaka, wanakuja watu kutoka nje ya halmashauri, wanaangalia kwanza masharti ya chini kabisa, ukishindwa hayo ruzuku huipati. Ukiyapita wanakupima utendaji, ukifanya vizuri sana mwaka unaofuata ruzuku inapanda kwa asilimia 20, ukifanya vibaya inashuka kwa asilimia 20. Hapo alama zilikuwa zinageuka kuwa mabati na saruji moja kwa moja, diwani wa kata alikuwa anaelewa. Ubaya wake nao niliuona, ukimkata fedha mkurugenzi mzembe, aliyekatwa kweli ni mwanakijiji, maana mkurugenzi mshahara wake uko pale pale na gari lake liko pale pale. Wenzetu Uganda wanaendelea na mtindo kama huo tangu 2017, Ofisi ya Waziri Mkuu wao inapima kila wilaya kwenye afya, elimu na maji na matokeo yanaingia kwenye hesabu ya mgao wa ruzuku, na angalau pale wanaingia mpaka kituo cha afya na shule, hawaishii kwa mhasibu.

Kitu kingine, kabla hujaibebesha halmashauri kila kitu. Barabara za vijijini na mitaa toka Julai 2017 ziko kwa wakala wa barabara, TARURA. Maji ya vijijini toka 2019 yako kwa wakala wa maji, RUWASA. Kwa hiyo mtu akisema hati safi mbona barabara yetu ni mashimo, mbona bomba halitoi, anamuuliza mtu ambaye vitabu vyake havina hiyo barabara wala hilo bomba. Zahanati, kituo cha afya, shule za msingi na sekondari, taka, masoko, stendi, ile mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, hivyo ndo vya halmashauri. Glavu za mdogo wako ni zao, hapo huna haja ya kurudi nyuma.

Sasa vipimo vya huduma yenyewe vipo? Vipo, ila havibandikwi getini. Kwa zahanati kuna nyota. Ilianza na ule mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, raundi ya kwanza ya nchi nzima ilifanyika 2015/16, kituo kinapewa kuanzia sifuri mpaka nyota tano. Wanaangalia uongozi wa kituo na watumishi, namna kituo kinavyowajibika kwa wananchi, jengo na mazingira, na huduma yenyewe anayopata mgonjwa. Raundi ile ya kwanza kama theluthi moja ya vituo nchi nzima vilipata sifuri, yaani hakuna hata nyota moja. Wakati huo huo halmashauri nyingi zilikuwa zinapata hati safi, unaona sasa. Raundi ya pili, 2017/18, wenye sifuri walishuka wakabaki asilimia chache, na mimi nilizunguka vituo nikaona tofauti, walau shimo la kondo la nyuma lilichimbwa, mbao za matangazo ziliwekwa, kichomea taka kilijengwa, kamati za vituo zilifufuka. Kwa hiyo ukienda pale zahanati kwenu swali la kwanza uliza, sisi tuna nyota ngapi na tulipimwa lini mara ya mwisho. Usiulize kwa ukali. Mganga mfawidhi mwenyewe mara nyingi anatamani mtu amuulize.

Ila na nyota usiziabudu. Wewe ni mwalimu, nikukumbushe la kwenu. Matokeo Makubwa Sasa kwenye elimu, 2013, walianza kupanga shule kwa matokeo ya mtihani, shule inapewa rangi ya kijani, njano au nyekundu na inajua ni ya ngapi wilayani. Watafiti wakafuatilia. Wakakuta zile shule za mkiani wilayani ufaulu ulipanda kweli, lakini wakakuta pia kwenye hizo hizo shule idadi ya watoto waliofika kukaa mtihani ilipungua, yaani wale wanaodhaniwa watashusha wastani walikuwa wanaachwa nyuma wasifike chumba cha mtihani. Mwanangu hilo jambo liliniuma kuliko wizi wowote niliokagua. Mtoto anaondolewa ili asilimia ipande. Baraza la mitihani, NECTA, nao kuanzia matokeo ya 2022 wakaacha kutangaza zile shule kumi bora na wanafunzi bora, na mimi naona walifanya vyema.

Kipimo chochote kikiwa na zawadi kubwa au adhabu kubwa, watu wanahama kwenye kazi wanahamia kwenye kipimo. Kitanda kinahamia stoo, mtoto anahamia nyumbani.

Usinielewe vibaya ukadhani nasema hati safi ni upuuzi. Nilipoanza kazi, ushuru wa soko ulikusanywa kwa vitabu vya risiti, na kitabu kimoja kikipotea hakuna anayejua kilikuwa na shilingi ngapi. Kulikuwa na mtindo tunaita kutumia fedha mbichi, mkusanyaji anapokea ushuru wa mnada wa ng'ombe, kabla haujafika benki umeshalipa mafuta ya gari la bosi, posho ya mtu, soda za kikao, na vikaratasi vinaletwa mwezi unaofuata ukiviuliza. Halmashauri ya namna hiyo hata ikitaka kununua glavu haijui ina nini mfukoni. Mashine za kukusanyia ushuru, POS, na malipo ya kwenye mfumo wa kompyuta wa serikali, MUSE, vimebana sana huo mchezo, sio wote, ila sana. Hati safi inakuambia nyumba ina daftari la matumizi linaloeleweka. Hiyo ni kazi kubwa, watu wamekesha kwa ajili yake na wanastahili pilau lao. Mimi ninachogombana nacho ni lile bango getini linaloachwa lisomeke kama vile limeandikwa "huduma safi".

Sasa tuje kwenye glavu zenyewe, maana nisipokupa njia nitakuwa nimekupa hotuba tu.

Toka 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinaenda moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya zahanati, hazikai tena kwa mkurugenzi. Zahanati yenu ina akaunti. Ina kamati ya usimamizi wa kituo ambayo ndani yake kuna wanakijiji, na matumizi yanapitishwa na hiyo kamati. Dawa na vifaa wanaagiza Bohari ya Dawa, MSD, na MSD ikikosa kitu kuna utaratibu wa mshitiri, yule muuzaji binafsi aliyeteuliwa kwa mkoa, zahanati inanunua kwake kwa bei iliyokubaliwa. Kwa hiyo glavu zikikosekana sababu ni chache na zote zinaacha alama kwenye karatasi. Ama fedha haikuingia, taarifa ya benki itaonesha. Ama iliingia lakini hawakuagiza, fomu ya maombi haipo. Ama waliagiza MSD haina na hawakwenda kwa mshitiri, hapo kuna mtu alilala. Ama zilifika zikaisha kabla ya wakati, basi leja ya dawa haitalingana na idadi ya akina mama kwenye rejista ya uzazi, na hapo ndo pa kukaza macho. Hesabu ya mwisho ni rahisi mno, hata mwanafunzi wako wa darasa la sita anaiweza: glavu zilizoingia, toa zilizobaki, linganisha na wajawazito waliojifungua na huduma nyingine za mwezi huo. Sera ya afya inasema mjamzito anahudumiwa bure kwenye kituo cha serikali, kwa hiyo hakuna mahali pa kujificha kwamba alitakiwa aje na zake.

Anza na kamati. Muulize mwenyekiti wa kijiji nani wajumbe, utashangaa mmoja ni jirani yako na hajawahi kuitwa kikaoni mwaka mzima. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa uwe kila miezi mitatu, omba taarifa ya mapato na matumizi ya zahanati isomwe pale, na iandikwe kwenye muhtasari kwamba imeombwa. Wakikataa au wakizungusha, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, unaandika barua kwa mkurugenzi, unataja unachotaka kwa jina, mathalani taarifa ya benki ya zahanati na fomu za maombi ya dawa za robo mwaka fulani, na anatakiwa akujibu ndani ya siku 30. Usiandike "naomba taarifa kuhusu dawa", hiyo utajibiwa kwa shairi. Nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi na tarehe, bila muhuri hiyo barua haikuwahi kuandikwa.

Na hati yenyewe itumie pia. Usiishie kwenye neno safi. Nyuma ya lile neno kuna ripoti ya ukaguzi ya halmashauri yenu peke yake, yenye hoja moja moja: malipo yasiyo na viambatisho, miradi iliyolipwa ikakaa bila kutumika, dawa zilizoisha muda, mikopo ya vikundi isiyorejeshwa, na mbele ya kila hoja imeandikwa imefungwa au inaendelea. Nimewahi kuona hati safi yenye hoja zaidi ya sitini nyuma yake, nyingine zina umri wa miaka sita zinahamishwa tu kutoka ripoti hadi ripoti kama begi la urithi. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inataka hesabu zilizokaguliwa na ripoti ya mkaguzi zitangazwe ofisini kwa halmashauri, kwa hiyo una haki ya kuzisoma, na kwa ripoti kuu ya nchi Ofisi ya Ukaguzi huwa wanatoa hadi toleo la wananchi lililoandikwa kwa lugha nyepesi.

Halafu kuna kikao kimoja ambacho wananchi hawaendi na ndo kitamu kuliko vyote. Kila mwaka, baada ya ripoti kwenda bungeni, mara nyingi Mei au Juni, baraza la madiwani linakaa kikao maalumu cha kujadili hoja za CAG, mkuu wa mkoa anakuwepo, wawakilishi wa CAG wanakuwepo, wakuu wa idara wanasimama mmoja mmoja. Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi. Huruhusiwi kuongea, unakaa nyuma na daftari. Ila mwanangu, mganga mkuu wa wilaya akisimama kujibu hoja ya dawa na akaona nyuma kuna walimu wawili wanaandika anachosema, jibu lake linabadilika. Nimeshuhudia. Mwaka mmoja kwenye halmashauri ya mwisho niliyofanyia kazi walikuja wanawake sita wa kikundi cha kuweka na kukopa, wakakaa mstari wa nyuma na watoto mgongoni, wakimya kabisa, walikuja kwa ajili ya hoja moja tu ya mikopo ya asilimia 10, na diwani wa kata yao ambaye miaka miwili hakuwahi kufungua mdomo kwenye hoja yoyote siku hiyo alisimama mara tatu.

Kwa hiyo mpe diwani wako swali lililoandikwa wiki mbili kabla, liwe fupi: zahanati yetu ilipokea kiasi gani robo hii, iliagiza nini, ilipata nini, na kwa nini tarehe fulani mjamzito alinunua glavu dukani. Weka risiti ya duka kama mdogo wako bado anayo. Kama hana, mwambie muuza duka aandike hata kwenye daftari tarehe na alichouza, maana kwenye kikao cha hoja anayeshinda ni mwenye karatasi. Jina la nesi usiliweke, yule mara nyingi ni mtu pekee aliyekuwepo usiku ule na hakuwa na glavu za kumpa mtu, mwisho wa siku ataangushiwa yeye mzigo wa watu wa juu yake.

Ukishapata jibu la mkurugenzi niandikie, nitumie picha ya barua na ya leja kama watakuruhusu kuipiga, nitakusomea mstari kwa mstari. Wakikujibu kwa mdomo waambie unashukuru na unaomba waandike.